Bwato la tanga la fibaglasi: linachorwa vipi, linatengenezwa vipi, na Katanga iko wapi ndani ya ile hesabu



Posti ya leo inaweza kushangaza kidogo: mtu mwenye lisansi ya agronomia anaandika juu ya bwato la tanga, tena ku Lubumbashi, mji ulio mbali na bahari zote mbili. Lakini sababu iko. Upande wa Likasi tuko na Tshangalele, ziwa lililozaliwa mwaka 1930 wakati mto Lufira ulizuiliwa pale Mwadingusha juu ya umeme. Kolwezi iko na Nzilo. Kaskazini kuna Moero, ile tunagawana na Zambia. Ukiendelea mbele unafika Tanganyika, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 650 na kina cha karibu meta 1,470. Mayi hatukosi. Kitu tunakosa ni mabwato madogo, mepesi, yasiyozama, na bafundi ba hapa ba kuyatengeneza.

Mabwato yamekwisha kupita hapa kwetu, lakini paka kupita. Mwaka 1915, katikati ya vita, Waingereza walileta mabwato mawili ya mota, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni. Yakapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, yakashushwa Fungurume, yakavutwa na mashini za moshi na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, yakaingia mto Lualaba, mpaka Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 yakakamata meli ya Wajerumani, Kingani, kwenye Tanganyika. Kila moja lilikuwa na urefu wa meta 12 hivi na uzito wa tani zaidi ya nne, la mbao. Njo maana safari ilikuwa mateso vile. Bwato la leo tunazungumzia, watu wawili wanalibeba mikononi na kulifunga juu ya motokari.

Fibaglasi ni kitu gani?

Wengi tunaijua kwa garaji: pareshoki imevunjika, fundi anapasua kitambaa cheupe, anakipaka rezini, kesho yake anapiga msasa na rangi. Ni kitu kile kile. Kioo kinayeyushwa na kuvutwa mpaka kinakuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Zile nyuzi ziko na nguvu sana ukizivuta, lakini peke yake zinalegea sawa kitambaa. Rezini peke yake ni ngumu, lakini ukiipiga inapasuka. Ukiziunganisha, kila moja inafunika udhaifu wa mwenzake. Wazee wetu walijua hii hesabu zamani: tope peke yake linapasuka, tope lenye majani makavu ndani linashika. Fer na beto ya nyumba zetu ni mawazo yale yale.

Ku Marekani, Ray Greene alikuwa kati ya watu wa kwanza kutengeneza bwato la tanga la namna hii, mwaka 1942. Mbele ya hapo, bwato lilikuwa mbao juu ya mbao, na kila moja lilikuwa na sura yake. Fibaglasi ilibadilisha ile habari: sasa bwato linatoka ndani ya kalibu, ile tunaita muli, sawa vile tofali linatoka ndani ya muli ya matofali. La kwanza na la mia yanafanana.

Mabwato mawili ya kufundisha

Mwaka 1947, ku Clearwater, jimbo la Florida, fundi Clark Mills aliombwa kuchora bwato la batoto, rahisi na la bei ndogo. Alifanya Optimist: meta 2.30 tu, pua bapa sawa sanduku, juu kontreplake ya duka haipendi kukunjwa sana. Uzito wake ni kilo 35. Leo Optimist nyingi zinatengenezwa kwa fibaglasi, na batoto wa dunia nzima wanajifunzia mule.

Mwaka 1969, Mkanada Ian Bruce alimpigia simu mwenzake Bruce Kirby: anataka bwato dogo la kubeba juu ya motokari. Kirby akachora mchoro wa kwanza wakati wanazungumza. Ule mchoro ndio ukazaa Laser, iliyoonyeshwa kwa soko la mabwato la New York mwaka 1971. Urefu meta 4.23, mwili wake kilo 59, tanga moja la meta za mraba 7 hivi. Ikaingia michezo ya Olimpiki mwaka 1996 ku Atlanta. Zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 200,000. Ukiuliza siri yake, si uzuri. Ni kwamba zote ni sawasawa, vipande ni vichache, na mtu mmoja anaweza kuiongoza.

Kuchora: kilo kwanza, uzuri nyuma

Sasa tuingie kwa kazi. Tuseme tunataka bwato la meta 3.5 kwa vijana wawili wa hapa.

Swali la kwanza ni uzito. Bwato linaelea wakati linasukuma mayi yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na wote wanaopanda. Tuhesabu. Mwili wa chini uko na eneo la meta za mraba 5, sitaha ya juu meta 4, jumla meta 9. Tunalalisha tabaka tatu za nyuzi zilizokatwa-katwa, kila tabaka gramu 450 kwa meta moja ya mraba. Hiyo ni kilo 1.35 za kioo. Nyuzi za namna hii zinakunywa rezini karibu mara mbili na nusu ya uzito wake, basi kilo 3.4. Jumla, kilo 4.7 hivi kwa meta ya mraba; mara 9, kilo 43. Ongeza koti ya nje, kilo 5. Tuko kwa kilo 48. Mlingoti, tanga, usukani na vifaa vingine, tuseme kilo 17. Vijana wawili, kilo 110. Jumla ni kilo 175, na bwato litasukuma litri 175 za mayi. Mchoraji anapanga umbo la chini ili zile litri 175 ziingie mbele mayi haijafika mahali pabaya.

Swali la pili ni kusimama. Tanga linavuta juu, upepo unataka kupindua. Bwato pana linakataa kupinduka lakini linakwenda polepole. Bwato jembamba linakwenda mbio lakini halisamehe. Kwa wanaoanza, chagua upana: meta 1.40 kwa urefu wa meta 3.5 ni nzuri.

Swali la tatu ni ubao wa kushuka chini, katikati. Bila ule ubao, upepo wa upande unasukuma bwato sawa jani juu ya mayi. Ubao unakamata mayi, na bwato linalazimika kwenda mbele. Mahali pa ubao na mahali pa tanga panapaswa kupatana. Mchoraji mzuri anapanga ili ukiachilia mkono wa usukani, bwato ligeuze pua lenyewe kuelekea upepo na kusimama. Kijana akiogopa na kuachilia kila kitu, bwato linamngojea.

Kuna jambo moja la kwetu. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, na Tshangalele haiko mbali na hapo. Hewa ya juu ni nyepesi, karibu sehemu moja ya kumi chini ya ile ya pwani. Upepo wa mbio ile ile unasukuma tanga kwa nguvu kidogo zaidi ku Dar es Salaam kuliko ku Kapolowe. Basi tanga letu linaweza kuwa kubwa kidogo. Wale wa Moba na Kalemie, kwa meta 770 hivi, wako katikati.

Tena usifanye bwato zito ukifikiri ni nguvu. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wa kukunjika unaongezeka mara nane, ni kweli, lakini uzito nao unapanda mara mbili. Ndio maana wanaweka povu nyepesi katikati ya tabaka mbili nyembamba, sawa mkate na kitu ndani. Sitaha inakuwa nene bila kuwa nzito, na mtu anaweza kusimama juu yake.

Kutengeneza: muli njo kazi yenyewe

Kazi inaanza na bwato la uongo. Unafanya umbo kwa mbao, kontreplake na mastiki, sawasawa na lile unataka. Unapiga msasa, wa kwanza mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, mpaka linang'aa sawa kioo. Kila kovu utaacha hapa litaonekana kwa kila bwato litakalozaliwa. Umbo lisiwe na mahali pa kurudi ndani, juu bwato halitatoka. Mfyatuaji wa matofali anajua: muli ikiwa nyembamba kwa mdomo na pana kwa tumbo, tofali linabaki ndani.

Juu ya lile umbo unapaka nta mara nyingi, kisha unalalisha fibaglasi nene na kuifunga na mbao nyuma ili isipinde. Ukiitoa, unapata muli. Sasa ndio uzazi unaanza:

1. Paka nta ndani ya muli na kung'arisha. Ukisahau sehemu moja, bwato na muli vinaolewa na havitaachana.
2. Paka koti ya nje, rezini yenye rangi, unene wa nusu milimeta hivi. Hiyo ndiyo ngozi: inazuia mayi na jua.
3. Ikianza kushika lakini ingali inanata, lalisha tabaka ya kwanza ya nyuzi, mwaga rezini, pitisha rulo ya chuma kufukuza hewa. Kila kipovu cha hewa ni udhaifu.
4. Lalisha tabaka zingine. Ongeza tabaka mahali pa kubeba nguvu: mguu wa mlingoti, kando ya ubao, mahali usukani unafungwa.
5. Ngoja ikauke vizuri mbele ya kutoa. Haraka hapa inapinda bwato kwa maisha yake yote.
6. Fanya sitaha kwa muli yake, kisha unganisha vyote viwili kwa rezini na nyuzi, kuzunguka mdomo wote.

Tazama hesabu ya feza. Umbo na muli vinaweza kula wiki nyingi za kazi. Bwato moja ndani ya muli iliyo tayari, bafundi wawili waliozoea wanaweza kulimaliza kwa siku chache. Ukifanya bwato moja, umetupa feza. Ukifanya ishirini, gharama ya muli imegawanywa kwa ishirini. Ndio maana kazi hii inataka chama, shule au kikundi kununua pamoja, si mtu mmoja kwa starehe yake.

Kuna kobalti ndani

Hii sehemu, bandugu, njo ilinifanya kuandika. Rezini ya poliesta inakaa kwa kopo ikiwa mayi-mayi. Ili ishike, unaweka katalizi kidogo, kati ya asilimia 1 na 2: kwa kilo moja, gramu 10 mpaka 20. Lakini kwa joto la kawaida, katalizi peke yake inachelewa sana. Inahitaji mwenye kuiamsha. Na yule mwenye kuiamsha, mara nyingi, ni chumvi ya kobalti. Rezini nyingi zinauzishwa ikiwa imekwisha kuwekwa ndani, na ile rangi ya waridi au zambarau unaona kwa kopo inatoka kwake.

Kobalti! Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa hapa Haut-Katanga na Lualaba. Inatoka kwa magunia, inapita mpaka wa Kasumbalesa, na siku moja inarudi kwetu ndani ya kopo la rezini, matone machache, kwa bei ya mgeni. Sisemi kila kopo limebeba kobalti ya Kolwezi. Nasema paka hivi: tunakosa kiwanda, tunakosa mazoezi, lakini hatukosi kila kitu kama tunavyojiambia.

Sasa hatari, juu sitaki mtu aumie kwa sababu ya posti hii. Kobalti na katalizi visikutane kamwe peke yake ndani ya kikombe kimoja: vinaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti inachanganywa na rezini kwanza, inakorogwa vizuri, kisha ndio katalizi inafuata. Katalizi ikiingia jichoni inaweza kupofusha: vaa miwani. Moshi wa rezini unaumiza kichwa na mapafu: fanya kazi mahali pa upepo, na barakoa yenye chujio. Asetoni ya kusafisha inakamata moto mbio, basi usiwake makala wala sigara karibu. Vumbi la msasa linawasha ngozi na kuingia ndani ya kifua. Kijana anayefanya kazi hii mikono mitupu kwa garaji hajui anacholipa.

Majira yetu nayo yana sheria zake. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi ni baridi kweli, na rezini chini ya nyuzi 15 inalala. Wakati wa mvua, unyevu unaingia ndani ya nyuzi na kuharibu mshiko. Kwa hesabu yangu, miezi mizuri ni wa nane na wa tisa, kuanzia saa nne asubuhi, chini ya paa, bila jua la moja kwa moja. Kwa joto la mwezi wa kumi, punguza katalizi, la sivyo kikombe kitachemka mkononi mbele ya kufika kwa muli.

Hewa ndani, uhai juu

Watu wengi wanafikiri fibaglasi inaelea yenyewe. Hapana. Ni nzito kuliko mayi karibu mara moja na nusu. Mwili wetu wa kilo 48 unachukua nafasi ya litri 32 tu. Ukijaa mayi, unazama. Bwato linaokolewa na vyumba vya hewa vilivyofungwa, au povu. Litri 100 za hewa iliyofungwa zinabeba karibu kilo 100. Kwa bwato letu, weka litri 200 hivi, kushoto na kuume. Likipinduka, vijana wanasimama juu ya ubao, wanalirudisha, wanaendelea.

Angalisho la fundi: frigoliti, ile nyeupe ya kufunga televizyo, inayeyuka ikiguswa na rezini ya poliesta. Tumia povu ya poliuretani, au hata chupa za plastiki zilizofungwa vizuri ndani ya chumba.

Tarehe 3 Oktoba 2024, bwato Merdi lililotoka Minova lilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, likiwa limejaa kupita kiasi, na watu kwa makumi walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Bwato la michezo halitaleta mihogo sokoni, najua. Lakini mtoto aliyepinduka mara ishirini akiwa na jile mwilini, akacheka, akapanda tena, siku moja atakuwa abiria, nahodha au mkaguzi wa bandari. Huyo hatapanda bwato lisilo na hewa iliyofungwa bila kuuliza swali.

Na miti, na takataka?

Mimi ni mtu wa udongo, basi lazima niulize. Mtumbwi wa kuchonga unataka mti mmoja mnene, mzima. Miti ya miombo inakua polepole, na kuzunguka Lubumbashi makala yamekwisha kula mingi. Kwa upande huu, muli moja inaweza kuachilia miti mingi isimame.

Lakini fibaglasi haiozi. Mti ukichoka unarudi udongoni. Bwato la fibaglasi likichoka linabaki pale, na hakuna mtu hapa anayelichukua. Wenzetu wa Lamu, ku Kenya, walionyesha njia ingine: Flipflopi, jahazi lililotengenezwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, chini ya mkono wa fundi Ali Skanda. Liliingia mayini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Si fibaglasi, na ni zito, lakini linauliza swali la haki: kitu hiki kitakwenda wapi kikizeeka? Jibu langu ni kutengeneza kwa unene sahihi, kufunika na jua, na kurekebisha. Bwato la fibaglasi linalotunzwa linaweza kuishi miaka mingi sana, na kila tundu linazibwa na fundi yule yule wa pareshoki.

Tunaanzia wapi?

Si kwa Laser, ile iko na haki zake na sheria zake za kutengeneza. Tuanze na bwato moja la kontreplake, la bei ndogo, lipimwe Tshangalele kwa upepo wa kusini-mashariki wa mwezi wa nane. Likienda vizuri, ndilo linakuwa umbo la muli. Likienda vibaya, tumepoteza mbao chache tu.

Kati yetu kuna watu wa mekanika, wa kemia, wa uchumi, na mimi wa udongo na hali ya hewa. Wale wa kemia, tafadhali, someni tena ile sehemu ya katalizi na kobalti, na kama kuna kipimo cha kuongeza juu ya usalama, kiandikeni hapa chini mbele ya mtu yeyote kufungua kopo.